Pasi ya Mwisho wa Reli

Mwezi uliopita nilikwenda Singida mjini kwenye arusi ya mtoto wa mwalimu mwenzangu, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na soko. Mchana nilitaka kujinyoosha kidogo. Nilipovuta shuka, harufu ya wanga na pasi ya moto ikanipanda puani, nikakaa kitako. Ilikuwa harufu ya Mjomba Ntandu. Nilibaki nimeishika shuka ile kama mtu aliyeletewa barua, hata mwenzangu aliyekuja kuniita akauliza kama naumwa.

Nyinyi wa umri wangu mnazijua nyakati ninazozisema. Watoto wetu siku hizi wanakwenda ufukweni wakitaka, wanapiga picha, wanarudi na mchanga kwenye viatu. Sisi nyumbani kwetu tulikwenda mara moja tu, na mara hiyo moja nusura tumfukuzishe mtu kazi.

Baba alikuwa kibarua wa njia katika reli, pale Itigi. Genge lao lilikuwa na kipande chake cha kutunza: kubadilisha mataruma, kukaza misumari, kushindilia kokoto chini ya reli, jua liwake, mvua inyeshe. Tulikaa kota, chumba kimoja na jiko la nje tulilochangia na majirani. Mama alikuwa Mnyaturu wa Puma kama Baba. Kiswahili alijifunzia hapo stesheni, akakisema wima, bila mapambo, kama mtu anayepigilia msumari.

Vitu vingi katika chumba kile vilikuwa na mwenyewe. Nikichezea taa ya kazi, Baba ananiambia, “Acha hiyo, Zaina, mali ya umma.” Buti zake zilikuwa mali ya umma. Koleo na mtaimbo, mali ya umma. Nyumba yenyewe, mali ya umma, na lile pipa la maji nje ya mlango pia. Nilikuwa na miaka minane hivi, na nilielewa kwamba Umma ni mtu. Nilimwona kabisa kichwani mwangu: mzee mnene, mpole, mwenye fimbo na saa ya mnyororo, mwenye mali nyingi kiasi cha kuwasahau wanaomtunzia. Redio ya stesheni masta ilipotangaza kwamba mabenki na viwanda navyo sasa ni mali ya umma, watu wazima walipiga makofi. Mimi nilisema moyoni, mzee huyu sasa amemaliza vyote.

Kisha reli ikamwangukia Baba mkononi. Walikuwa wanaiinua watu wanane, mmoja akateleza. Walimbeba kwa kiberenge mpaka hospitali, na aliporudi mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, umebaki na kidole gumba na kingine kimoja. Watu walikuja kumpa pole. Mnyapara alileta sukari. Wanawake wa kota walileta kuni na maji. Wenzake wa genge walikaa naye barazani. Mimi nilikaa kizingitini siku tatu, namngoja Umma. Mtu ameumia akiinua reli yako, utaachaje kuja? Hakuja. Siku ya nne nikaacha kumngoja, na kitu fulani kikabaki kifuani mwangu, kigumu kama kokwa.

Baada ya miezi michache Baba aliambiwa kwamba mwaka ukiisha na kazi imekwisha, na kota irudishwe. Turudi Puma, ambako watu walikuwa wanaanza kuitwa wakae pamoja katika kijiji cha ujamaa. Baba hakulalamika. Afadhali angelalamika. Alikuwa anatoka, anakaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, mkono mbovu ameutia mfukoni, anaitazama njia ya reli mpaka Mama amwite kula.

Hapo ndipo Mama alipoikumbuka pasi. Kila mwaka kibarua wa reli alikuwa na haki ya pasi moja ya likizo, yeye na familia yake, daraja la tatu, bila nauli. Sisi hatukuwahi kuitumia. Kwetu Puma hakukuwa na treni, tulikwenda kwa lori au kwa miguu, na pasi zote za miaka ile zilikuwa zimeozea ofisini. Niliposikia tutasafiri kwa pasi, nilifikiri ni ile ya mkaa ya kunyooshea nguo, nikashangaa tutakaaje juu yake.

“Twende wapi?” Baba akauliza.

“Mwisho wa reli.”

“Kufanya nini?”

“Kuona bahari.”

Baba akacheka kicheko cha puani, cha mtu asiyetaka kubishana. Mama akaweka chini ungo aliokuwa anapepetea uwele.

“Baba Zaina, miaka kumi na saba umeishikilia reli hii. Watu wamepita juu yake kwenda baharini na kurudi, wengine wakatutupia maganda ya machungwa dirishani. Na sisi tutapita. Mara moja. Kabla hawajaichukua nyumba yao.”

Asubuhi yake alikwenda naye ofisini. Mimi nilishika upindo wa khanga yake. Stesheni masta alikuwa mtu wa maneno mengi, akichukua kalamu mpaka aifute kwanza kwenye mkono wa shati.

“Mwisho wa safari?” akauliza.

Baba akakohoa. Mama akasema, “Mwisho wa reli. Andika hivyo.”

“Pwani? Nyinyi? Huko kuna nini?”

“Kuna bahari,” Mama akasema.

Stesheni masta akamtazama Baba, akitegemea mwanamume atasahihisha. Baba aliangalia kofia yake. Basi akaandika.

Wadogo zangu wawili walipelekwa kwa bibi Puma. Sisi watatu tukapanda treni na kila kitu tutakachokula: unga wa uwele, karanga za kukaanga, mlenda mkavu ndani ya kitambaa, na galoni ya asali ya Itigi kama zawadi ya Mjomba. Tulipofika stesheni ya Saranda wenzetu walinunua kuku wa kukaanga madirishani. Harufu ilijaa behewa zima, nami nikamtazama Mama. Akanimwagia karanga kiganjani. “Tafuna pole pole,” akasema, “pua yako inakula kuku, mdomo karanga. Utashiba mara mbili.” Baba alikuwa dirishani anahesabu madaraja kimoyomoyo, na kila tulipopita genge la watu wamesimama pembeni na makoleo, aliinua ule mkono mzima. Wengine waliinua yao kumjibu, bila kujua ni nani.

Mjomba Ntandu alikuwa mdogo wake Mama, dobi katika hoteli moja ya ufukweni. Kaskazini ya jiji, mwendo wa basi na kisha wa miguu, palikuwa na mji mdogo ambao ulikuwa hoteli tupu. Hoteli na bustani, bustani na hoteli, na barabara ya lami laini kuliko mkeka. Hapakuwa na soko, hapakuwa na mashine ya kusaga, hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Nilimwuliza Baba watu wa hapa wanakula nini. Baba akasema, “Wanakula orodha.” Alikuwa ameisoma kwenye ubao mbele ya mkahawa: bei ya chupa moja ya soda kwetu ilinunua pishi ya mtama.

Mjomba alitupokea kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma kabisa, karibu na majenereta. Alikaa chumba kimoja na mpishi. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa magadi na sabuni, myeupe na yenye mikunjo kama ya mzee, na mwili wake wote ulinukia wanga. Alifurahi mpaka akalia, akailamba asali kwa kidole hapo hapo mlangoni. Lakini Mama alipomweleza tumefuata nini, akapunguza sauti.

“Bahari mtaiona, dada. Jioni wageni wakiwa mezani, nitawapitisha huku nyuma, mfereji unapomwagia. Mtaichungulia vizuri kabisa.”

“Mfereji wa nini?”

“Wa maji ya dobi.”

Mama alichemsha maji, akasonga ugali kwenye sufuria ya Mjomba, tukala. Baadaye akasema, kama anayezungumza na sufuria, “Nimetoka Itigi kuja kuchungulia povu lako, Ntandu?”

Asubuhi Mjomba alipokwenda kazini, Mama aliniosha, akanivalisha gauni langu la marekani lililoshonwa kwa ajili ya safari. Baba akavaa koti. Tukapita njia ya mbele, kwenye lango kubwa. Nilikuwa darasa la pili na kila bango lenye maandishi nilikuwa nalishambulia kwa sauti. Lile la langoni nililisoma herufi kwa herufi: hoteli hii ni mali ya umma, itunze.

Moyo ulinipasuka. Kumbe ndiko anakokaa! Ndiyo maana hakuja Itigi. Nani angeondoka mahali penye majani ya kijani namna hii kuja kwenye vumbi letu? Sikumwambia mtu. Nilikuwa na neno langu na Umma na nilitaka kulisema mwenyewe.

Mlinzi alitusimamisha pale bustani inapoishia na mchanga kuanza. Kijana mrefu, kaptula ya kaki, buti zinazong’aa.

“Mama, simameni hapo. Mnakwenda wapi?”

“Baharini.”

“Huku ni kwa wageni tu.”

“Sisi ni wageni,” Mama akasema. “Tumefika jana. Hata njia ya kisimani hatuijui.”

“Nasema wageni wa hoteli.”

“Hoteli hii hatujawahi kufika. Tungekuwa wageni zaidi ya hapo vipi?” Akamtazama vizuri, masikio yake yaliyotobolewa. “Wewe kwenu wapi?”

“Kilimatinde.”

Mama akapiga makofi. “Mgogo! Mtani wangu mwenyewe ananizuia maji! Kwenu mnangoja mvua mpaka mnasahau inanyesha kutoka juu au chini, leo mmepewa bahari nzima muilinde?”

Yule kijana alicheka kabla hajajizuia. Halafu akageuka huku na huku. “Mtani, usiniponze. Meneja yupo.”

“Mwambie tumekuja.”

Tukapita. Mbele yetu ilikuwa hiyo bahari. Nitasema kweli: mwanzoni sikuiona. Niliona mbingu imeshuka chini kupita kiasi, nikangoja mtu anionyeshe maji yanaanzia wapi. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kirefu cha mbao chini ya mwavuli wa makuti, akafungua furushi la karanga, akakaa. Wazungu wawili waliokuwa wamelala karibu, wekundu na wenye kung’aa kwa mafuta, walituangalia, wakarudia kulala. Wao hatukuwasumbua. Aliyesumbuka alikuwa anakuja kutoka ofisini kwa hatua fupi za haraka, mtu mweusi kama sisi, suti ya mikono mifupi, beji ya chama kifuani.

“Ndugu, hawa ni nani?” akamwuliza mlinzi.

“Mheshimiwa, ni wageni.”

“Wa chumba gani?”

Mlinzi akatugeukia. Mama hakumtaja Mjomba. Alimtazama meneja kama mtu anayengoja kusalimiwa kwanza. Lakini Mjomba alikuwa ametuona kutoka dirisha la dobi, akaja mbio na aproni yake, povu linamdondoka viwikoni.

“Ni wangu, Ndugu Meneja. Dada yangu na shemeji. Watu wa bara, hawakujua. Nisamehe, nawaondoa sasa hivi.”

“Tulijua,” Mama akasema.

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nilisogea, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” meneja akasema, bila kupenda.

“Wewe ndiye Umma?”

“Ndiye nani?”

“Umma. Mwenye hoteli. Mwenye reli.” Nikamkazia macho. “Baba amekatika vidole akiinua reli yako. Hukuja kumpa pole.”

Mtunza bustani aliyekuwa anakusanya majani ya bahari aliacha reki yake. Mlinzi aliangalia juu. Mjomba alifumba macho. Nilihisi mkono wa Baba begani mwangu, na nilipogeuka niliona si ule mzima. Ni ule mwingine, ameutoa mfukoni mbele ya watu wote, wenye gumba na kidole kimoja, ukiwa umenishika kwa nguvu.

Meneja aliutazama mkono ule. Hakuwa mtu mbaya, naliona hilo sasa. Alikuwa mtu aliyepewa mahali pazuri na kuambiwa apalinde, naye akaogopa.

“Mtoto,” akasema, “umma si mtu. Umma ni wananchi. Ni… ni sisi sote.”

“Ahsante, Ndugu,” Mama akadakia. “Nilitaka kulisikia kwa mtu mwenye ofisi.”

“Sisi sote, mama, lakini kwa utaratibu! Kiti hicho ni cha mgeni aliyelipa.”

Mama akainuka kwenye kiti. “Nimekiacha. Na kivuli?”

“Nacho cha mgeni.”

Akatoka kwenye kivuli, akasimama juani. “Na maji?”

Meneja akageuka kuitazama bahari.

“Maji aliyajenga nani, Ndugu?”

Meneja alimgeukia Mjomba, maana kwa Mjomba alikuwa na la kusema. “Ntandu, ikigonga kengele ya chakula cha wafanyakazi, saa saba, nisiwaone watu wako hapa. Nikiwaona, hesabu huna kazi.” Akaondoka.

Mjomba alikuwa karibu kulia. “Dada, twendeni. Umekwisha kuiona.”

Nilimtazama Mama. Sijui kama wengine waliliona, lakini mimi niliona uso wake unasita, macho yakatua kwenye ile mikono ya mdogo wake iliyochujuka. Nilidhani tunaondoka.

“Sasa ni saa ngapi?” akauliza.

“Saa nne imepita.”

“Basi rudi ukafue, Ntandu. Kengele ikigonga hutatukuta. Sitakuponza hata kwa dakika moja. Lakini hizi saa tatu si zako wala si za kuiba. Amenipa mwenyewe, mmesikia wote.”

Akakaza khanga kiunoni, akanishika mkono, akaingia baharini.

Alikuwa hajui kuogelea. Hakuna aliyejua kwetu. Aliingia kama mtu anayekwenda shambani, miguu ikipekua ardhi, mpaka maji yakamfika kiunoni, na wimbi la kwanza lilipotupiga alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwake, wa msichana. Maji yalinijaa mdomoni.

“Mama, ni chumvi! Kama ziwa la Singida!”

“Basi unaogopa nini? Tuko kwetu.”

Baba alibaki mchangani na koti lake. Mlinzi alisimama kando yake, akasema angetufuata kutuangalia tusizame, ila buti hizi ni za kazi, zikilowa atakatwa mshahara. Baba akazitazama zile buti, akatazama zake. Akakaa chini, akazivua kwa mkono mmoja, taratibu, akazipanga pamoja kwa heshima. Akaingia na suruali yake.

Chumvi ilipomfika kwenye makovu alikunja uso. Nilidhani atatoka. Badala yake aliuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kuuacha humo. Wimbi likaja, kubwa kuliko mengine, na Baba, ambaye kwa miezi alikuwa anazungumza kwa kutikisa kichwa, akalipigia kelele ile ya genge, ya kuinulia reli:

“Haya, shika!”

Kutoka nyuma yetu, mchangani, yule mtunza bustani akajibu: “Tumeshika!”

Baba akageuka, kinywa wazi. Mzee yule alikuwa amesimama na reki, anacheka. Kumbe naye alipata kufanya kazi ya njia, huko upande wa Ruvu. Wimbi likaja tena.

“Haya, inua!”

“Tumeinua!” Safari hii hata mlinzi alijibu. Na dirishani mwa dobi, kulikojaa mvuke, nilisikia sauti nyembamba ya Mjomba, yenye hofu, lakini ilikuwepo.

Mimi sikuitika. Nilikuwa nimekaa kwenye maji yanayonifika kifuani, najaribu kulielewa lile neno la meneja. Nilikuwa nimefiwa na mtu ambaye hakuwahi kuwepo, mzee wangu mnene mwenye saa ya mnyororo. Kama Umma ni sisi sote, niliwaza, basi hakuna atakayekuja kumpa Baba pole, tumekwisha kuja. Nililia kidogo, na baharini hakuna anayejua kama unalia. Kisha nikanyanyuka, nikamwendea Baba, nikaushika ule mkono ndani ya maji, nikamwambia, “Pole, Baba.” Hakuna aliyenituma. Akasema, “Ahsante, mwanangu,” kama anavyomjibu mtu mzima.

Hatukutoka majini ila kula karanga, tumesimama juani, mbali na vivuli vyao. Mzungu mmoja mwanamke alinyanyua kamera yake kutuelekea. Mama akamnyooshea kiganja, hapana, na yule mwanamke akaishusha. Kengele ilipokaribia, mtunza bustani alitufanyia ishara. Baba akavaa buti zake. Mjomba alikuwa ametuma neno tupite nyuma, kwa mfereji. Mama alisikia, akapita mbele. Tulipita kwenye sakafu yao iliyong’arishwa, mbele ya ofisi, tukidondosha maji, nyayo zetu sita zikibaki nyuma yetu nyeusi na za wazi. Kengele ilitukuta nje ya lango, kwenye lami.

Nisingependa mtu adhani ushujaa ule haukuwa na bei. Ulikuwa nayo, na aliyeilipa si Mama. Mjomba hakufukuzwa, lakini aliandikiwa barua ya onyo na kuondolewa dobi, akawekwa kuchimba na kusafisha ile mifereji kwa miezi mingi. Tangu Mama alipopata habari hiyo, kila msimu wa asali, hata tulipokwisha kuhamia kijijini Puma ambako asali ilikuwa ya kutafuta, alimtumia galoni, na kila mara alichagua ile nyeupe, ya kwanza. Samahani hakuwahi kuisema, sidhani kama alijua isemwe vipi bila kuikana bahari.

Nilipokuwa mwalimu tayari na Mjomba amerudi nyumbani, mzee, nilimwuliza kama alitukasirikia. Alikuwa anapiga pasi shati lake mwenyewe, la Idi, kwa wanga wa muhogo.

“Nilikasirika,” akasema. “Nilikasirika sana. Nilikuwa ndani ya mfereji mpaka hapa.” Akaonyesha goti. “Lakini sikiliza, Zaina. Miaka mitano nilifua shuka za watu waliokuja kuiona bahari ile. Sijui maelfu mangapi. Katika wote, waliokuja wakiwa wangu walikuwa nyinyi watatu. Ningewakanaje?” Akanyunyiza maji kwenye kola, akaendelea na kazi.

Mama amekwisha kutangulia sasa, na Baba kabla yake. Nikiwakumbuka katika safari ile, siwaoni baharini. Nawaona kwenye treni ya kurudi.

Ilikuwa asubuhi, tumekwisha kuipita Dodoma. Behewa limejaa, viti vya mbao, vumbi jekundu linaingia. Khanga ya Mama ilikuwa imefungwa dirishani ikikauka, imeacha mistari myeupe ya chumvi. Baba alikuwa amelala mdomo wazi. Kwenye stesheni ya Bahi alipanda mama mmoja na kikapu cha kambare wakavu, akakaa mbele yetu, akasalimia, akatuangalia kwa huruma: ile khanga, macho yetu mekundu, mkono wa Baba uliolala juu ya paja.

“Poleni jamani,” akasema. “Mmetoka msibani?”

“Hapana,” Mama akasema.

“Ah. Hospitali kubwa?”

“Hapana, hatukwenda hospitali.”

Yule mama akafikiri. “Kesi?”

“Hatuna kesi na mtu.”

“Sasa dada yangu, mwendo wote huo mlifuata nini?”

Mama aliegemea nyuma, akavua viatu vyake.

“Tulikwenda kupumzika,” akasema.

Yule mama alingoja sehemu iliyobaki. Treni ilipiga honi, ikaanza kujikokota kuelekea mlimani.

“Kupumzika tu?”

“Kupumzika tu.”

Akamtazama Mama kwa muda mrefu, kuanzia kilemba mpaka nyayo zilizopasuka. Kisha akavuta kikapu chake cha kambare upande, ili Mama apate nafasi ya kunyoosha miguu.